Timazi Mezani kwa Bee Khim

Katika ofisi ya michoro ya karakana ya Cheah, pale Bukit Mertajam, walifanya kazi watu kumi na mmoja, na Teoh Bee Khim aliwadharau kumi kati yao. Hakuwachukia. Chuki humchosha mtu, naye alikuwa na miaka hamsini na sita na goti moja bovu, hana nguvu za kuchezea. Aliwadharau tu, kwa utulivu, tangu saa mbili asubuhi alipotundika kahawa yake nyeusi, ya kwenye mfuko wa plastiki wenye mrija, kwenye msumari kando ya meza, hadi saa kumi na moja jioni alipoifunika kompyuta yake kitambaa cha maua.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba, enzi za ubao na kalamu ya wino. Ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe, na ukikwangua mara tatu karatasi inatoboka, unaanza upya. Mtu aliyepita shule hiyo, alisema, hawezi kumheshimu mtu ambaye kosa lake linafutika kwa kidole kimoja. Kompyuta zilipokuja, wenzake wa ubao walikimbilia kuuza tambi na bima. Yeye alibaki, akajifunza, akawapita waliomfundisha. Hakuolewa. Alikuwepo mwanamume mmoja, mwalimu wa hesabu wa Kulim, mpole na mwenye meno mazuri, lakini siku moja alimchorea ramani ya kwenda kwao nyuma ya bahasha, akaweka kaskazini upande wa chini. Bee Khim aliitazama ile bahasha na moyo ukapoa. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na wasiomjua vizuri walidhani anatania.

Karakana ilijenga mashine za kufungasha vitu: biskuti, sabuni, dawa ya mbu. Mashine moja ina vipande elfu nne, na hakuna kichaa anayechora vipande elfu nne pamoja. Hugawanywa kwa makundi, kundi la miguu, kundi la mkanda, kundi la mkono, kundi la kizimba, na kila kundi lina mchoraji wake. Kisha makundi yote hukusanywa kwenye mchoro mkuu, na mashine nzima ikaonekana kwenye skrini. Ugomvi uko hapo. Nani aseme kundi hili likae wapi, na mkono huu ufunguke kiasi gani? Wengi hulishika kundi kwa kipanya wakaliburuta mpaka macho yaridhike. Bee Khim aliwaita waburutaji, na alilitamka neno hilo kama watu wengine wanavyotamka wezi wa kuku. Yeye mahali pa kila kundi alipaandika kwa namba, juu kabisa, kwenye mchoro mkuu. Makundi hayakuwa na kauli. Ukitaka kujua mkono wa kulia umefunguka pembe ya nyuzi ngapi, unasoma juu. Ukitaka kubadilisha, unabadilisha juu, na ndani ya kundi hakuguswi kitu.

Sababu yake ni kwamba mkono ni mmoja. Kwenye mashine unaona mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, lakini kundi lililochorwa ni moja tu, limeitwa kwenye mchoro mkuu mara mbili. Mtu akiingia ndani ya kundi akaukunja mkono, amekunja yote miwili kwa mpigo, na kila kilichopimwa kutoka kwenye mikono hiyo kinahama pamoja nayo. Bee Khim aliwaeleza hili wachoraji vijana mara moja. Hakuwa mtu wa kueleza mara mbili.

Mzee Cheah, mwenye karakana, aliyekuwa fundi wa mashine ya kukereza na mwenye vidole tisa, alilielewa jambo hilo bila kugusa kompyuta hata siku moja. Siku wachoraji wawili walipofungua mchoro mkuu kwa wakati mmoja na kila mmoja akafuta kazi ya mwenzake, mzee alipanda ngazi akiwa na timazi yake ya shaba, ile aliyopimia ukuta wa kwanza wa karakana, akaitua kwenye meza ya Bee Khim.

"Mwenye hii ndiye anayegusa juu," alisema. "Mwingine akigusa, naifunga shingoni mwake namtupa mto Juru."

Timazi ilikaa pale miaka kumi na tisa. Aliyetaka kundi lake lisogee alikuja kusimama mbele ya meza, mikono nyuma, akaeleza shida yake. Bee Khim alimsikiliza huku akivuta kahawa kwa mrija. Mara nyingi mwombaji aliondoka bila kupewa.

Mzee alipokufa, karakana ikamwangukia mwanawe Wei Lun, kijana mwenye tabasamu lisilo na kazi maalumu, na Wei Lun akamleta Mhandisi Saw Kheng Boon kuongoza ofisi ya michoro. Saw alivaa viatu vyeupe kwenye karakana ya mafuta na grisi, na hilo peke yake lilimtosha Bee Khim. Lakini alikuwa na mengine. Alipenda mikutano ya kusimama. Alipenda neno "umiliki". Katika wiki yake ya pili alikuja akaichukua timazi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mtu anayembeba bibi kumtoa nje ya nyumba.

"Anti Khim, hii ni historia," alisema. "Historia yetu tunaiheshimu."

"Historia yenyewe ipo hapa, inakunywa kahawa."

Saw akacheka vizuri, maana alikuwa amesoma mahali fulani kwamba kiongozi hucheka. "Kila timu imiliki mahali pake, anti. Hivi wewe ukiugua leo, kampuni nzima ilale?"

"Sijaugua tangu wewe ukiwa kwenye nepi."

Swali la Saw lilikuwa la haki, na Bee Khim alijua, ndiyo maana alijibu kwa kijembe badala ya jibu. Haikusaidia. Namba zake zote za juu zilifutwa mchana mmoja, mia mbili na kumi na nne, na tangu siku hiyo kila kundi likajiamulia lenyewe, ndani kwa ndani, likae vipi. Timazi iliwekwa mapokezi ndani ya sanduku la kioo lenye taa, chini yake kibao: TULIKOTOKA. Wageni waliipiga picha.

Mtu pekee katika eneo lile lote ambaye Bee Khim hakumdharau hakuwa wa ofisini. Alikuwa Wan Mahadi, fundi mkuu wa kuunga mashine, mtu wa Pasir Mas huko Kelantan, mjane, mwenye masharubu yaliyoungua upande mmoja kwa cheche. Saa saba mchana walikaa pamoja kwenye benchi nyuma ya karakana, kila mmoja na chakula chake. Tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa Kichina, siku ambazo Bee Khim hakuonja nyama, Mahadi alimnunulia wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, na hakuwahi kusahau tarehe. Alimwita dada Khim. Alimheshimu kwa sababu vipande vya Bee Khim vilipofika chini, viliingia mahali pake bila kupigwa nyundo.

Mwaka ule Mahadi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Suhaila, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa. Nikaha ilipangwa Ijumaa asubuhi, nyumbani Pasir Mas. Mashine ya biskuti ya mteja wa Ipoh ilikuwa ijaribiwe Alhamisi, siku moja kabla, na Wei Lun alishampa ruhusa: mashine ikipita, Mahadi anawasha gari mchana uleule, anakata milima ya Gerik, anafika usiku.

"Na isipopita?" Bee Khim aliuliza.

"Michoro yako haijawahi kunilaza hapa, dada."

"Siku hizi si michoro yangu."

"Yako, yao, mimi nafunga tu nati," alisema Mahadi.

Siku tisa kabla ya majaribio, asubuhi ya Jumanne, Bee Khim alikwenda kwenye mashine ya kudurufu akakuta bango jipya ukutani. Saw alikuwa ametengeneza picha ya mashine ya biskuti kwa ajili ya maonyesho ya biashara. Mashine ilipendeza, nyembamba, kiuno kimebanwa. Bee Khim aliitazama akiwa na karatasi mkononi. Ile mashine haikuwa na kiuno. Aliijua tangu ilipokuwa mistari sita.

Alirudi mezani akafungua. Kugusa juu alikuwa amezuiwa, lakini kuangalia hakuna aliyemzuia. Ilimchukua dakika nne. Saw, ili picha yake ipendeze, alikuwa ameingia ndani ya kundi la mkono akaukunja mkono mpaka mwisho, akapiga picha, akahifadhi. Mikono yote miwili ikawa imekunjwa. Kizimba, ule uzio wa nguzo na vioo unaozunguka mashine ili mtu asinyakuliwe mkono, kilikuwa kimechorwa kikipimwa kutoka ncha ya mkono uliofunguka. Sasa mkono umekunjwa, nacho kikaufuata ndani kwa utiifu, milimita sitini na mbili kila upande. Hakuna aliyeona, kwa sababu kwenye skrini hakuna kilichogongana na kitu. Mkono haukugonga kwa kuwa haukuwa umefunguka. Zamani, juu kabisa, namba yake ingesema: mkono wa kulia, nyuzi sabini na tano. Na kizimba kingekaa pale pale kama mbwa aliyefungwa.

Chuma cha kizimba kilikuwa kikatwe Alhamisi ya wiki ile. Siku mbili.

Bee Khim alisimama. Hilo lazima lisemwe, kwamba alisimama, akatembea na goti lake hadi kwenye chumba cha kioo cha Saw, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani alikuwamo Wei Lun.

"Anti Khim tumfanyeje?" Wei Lun aliuliza.

"Yule ni kabati la kurithi," alisema Saw. "Zito, linachukua nafasi, na ukilitupa mama atalia."

Wakacheka wote wawili. Bee Khim aligeuka akarudi mezani, akaketi, akavuta kahawa mpaka mrija ukakoroma. Basi, aliwaza. Acha aumbuke. Acha mkono ugonge kioo mbele ya watu wa Ipoh, na yeye na viatu vyake vyeupe asimame pale ajibu.

Mahadi alimjia akilini, ndiyo. Haiwezekani kusema hakumjia. Akampigia hesabu harakaharaka: ni vioo tu, vinafunguliwa, vinasogezwa nje, kazi ya saa tatu, jioni atakuwa njiani. Hakufungua mchoro wa kizimba kuhakikisha. Mwanamke aliyewadharau watu miaka thelathini kwa kukadiria kwa macho, siku hiyo alikadiria, na wala si kwa macho.

Saa saba alishuka benchini. Ilikuwa tarehe kumi na tano, na wali wa kunata ulikuwa ukimngoja.

"Dada Khim, nguo ya harusi umeshanunua?"

"Ninazo nguo."

"Usinijie na hilo shati la kazini, watu wa kwetu watadhani umekuja kukagua mabomba." Mahadi alijifuta masharubu. "Najua hutaweza kuja, mbali. Lakini nunua tu. Unajua nafanya mazoezi? Bafuni. Nashika bomba la maji hivi, kama ndio mkono wa kijana, nasema: nimekuoza binti yangu Suhaila. Jana nimesema kwa nguvu, paka akaruka dirishani, mpaka leo hajarudi."

Bee Khim alicheka. Alicheka kweli, wali mdomoni.

"Mama yake angekuwepo ningemwachia mambo yote," alisema Mahadi. "Lakini hili moja hata angekuwepo ni la kwangu. Ni maneno machache tu. Miaka ishirini na nne unalea, mwisho unapewa sentensi moja."

Neno lilimfikia Bee Khim kwenye ulimi. Kizimba kimesogea, mwambie mkataji asubiri. Angelisema, Mahadi angepanda ngazi, Saw angerekebisha kimyakimya kabla ya saa kumi, na kwenye mkutano wa kusimama angejisifu kwa kuliwahi. Bee Khim aliiona picha hiyo yote, tabasamu na viatu. Akalikunja jani la mgomba akalitupa kwenye pipa.

"Rudi kazini," alisema. "Paka atarudi."

Alhamisi chuma kikakatwa. Aliusikia msumeno kutoka juu na akajitia hamnazo.

Alhamisi iliyofuata watu wawili wa Ipoh walisimama mbele ya mashine wakiwa na kofia za plastiki, Saw kando yao akieleza umiliki. Mahadi aliwasha. Mkanda ukaenda, mkono wa kushoto ukakunjwa, mkono wa kulia ukafunguka, ukafika nyuzi hamsini na kitu, ukagonga nguzo. Ulirudi, ukajaribu tena, ukagonga tena, kwa adabu ile ile, mpaka Mahadi alipozima. Nguzo ilikuwa imepinda. Mmoja wa wageni aliandika kitu kwenye karatasi yake. Saw alisema ni changamoto ndogo ya ujumuishaji. Wageni walisema watarudi Jumamosi saa nne, na isipokuwa tayari wataitafuta mashine mahali pengine.

Bee Khim alikuwa ameshuka kutazama. Alikuja kuona uso wa Saw, na aliuona, ukiwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa muda wa kama pumzi mbili akafurahi. Kisha akatazama chini ya kizimba. Nguzo kumi na mbili za chuma kisichoshika kutu zilikuwa zimechomelewa kwenye kitako. Havikuwa vioo tu vya kufungua. Ilikuwa kukata zote, kusaga, kupima, kuchomelea upya, siku nzima na nusu, na katika karakana ile mtu mmoja tu aliweza kuchomelea chuma kile bila kukipinda.

"Kaka Mahadi," Wei Lun alisema, na tabasamu lilikuwa limemtoka. "Hakuna mwingine."

"Kesho namwoza binti, bosi."

"Nitakupa siku saba baadaye. Nane."

Mahadi alizitazama nguzo kumi na mbili. Mteja akipotea, watu arobaini wa chini wanajua nani anaanza kupunguzwa, na si wenye viatu vyeupe. Alivua glovu, akaendesha gari mpaka ofisi ya kadhi, akatia sahihi karatasi ya kumwidhinisha imamu wa Pasir Mas amwozeshe binti yake kwa niaba yake. Alirejea baada ya saa moja na nusu, akawasha msumeno.

Ijumaa asubuhi Bee Khim aliona kila kitu kutoka dirisha la ofisi ya michoro. Mahadi alisimamisha simu juu ya sanduku la spana, akaegemeza kwa koleo isianguke. Alikuwa ameinua barakoa ya kuchomelea juu ya paji la uso. Alisimama wima, mikono imeshikana mbele, katikati ya nguzo zilizokatwa. Midomo yake ilichezacheza, akisema kimya maneno ambayo mwingine alikuwa akiyasema kwa sauti upande wa pili wa milima. Haikufika dakika tano. Kisha akashusha barakoa, na kwa muda mrefu hakukuonekana cheche.

Mashine ilipita Jumamosi. Saw hakufukuzwa. Watu wa aina yake huwa hawaanguki, husogea pembeni kidogo. Aliandika ripoti ya kurasa tisa kuhusu udhibiti wa mahali pa makundi kutoka juu, akaisoma kwenye mkutano wa kusimama, na ukimsikiliza ungedhani kauvumbua yeye mwenyewe juzi akioga. Jumatatu Wei Lun alileta timazi kwa mkono wake akaitua kwenye meza ya Bee Khim.

"Baba alikuwa sahihi," alisema. "Samahani, anti."

Namba zote mia mbili na kumi na nne aliziandika upya kwa wiki moja, kutoka kichwani. Wachoraji wakaanza tena kusimama mbele ya meza, mikono nyuma. Alikuwa ameshinda kila kitu alichokitaka, na kahawa haikumshuka.

Mahadi alirudi kutoka Kelantan baada ya siku nane. Saa saba alikuja benchini na yai la kuchemsha lililofungwa kwenye ua la karatasi ya dhahabu, lile wanalopewa wageni wa harusi.

"Nilikuwekea. Watu walikuwa wanayagombania." Akaketi. "Nimesikia timazi imerudi. Nimewaambia wote nyumbani, kile kitu kingekuwa mezani kwa dada Khim, mimi ningekuwa nimekaa pale mbele ya mwanangu."

Bee Khim alilishika yai kwa mikono miwili. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa fundi.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Kizimba. Niliona kimesogea."

"Ee, sote tuliona, siku ile."

"Kabla. Jumanne, kabla hujakata chuma."

Mahadi aliacha kutafuna. Alikuwa mtu wa kupima, na Bee Khim alimwona akipima.

"Jumanne ile ya wali wa kunata?"

"Ndiyo."

"Nikakusimulia habari za paka."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeshaona."

"Nilitaka Saw aumbuke."

Mahadi alitazama karakana, kisha mikono yake. "Zile nguzo nilizikata mimi, dada. Ungepiga mluzi tu dirishani."

Hakulidai yai. Alifunga chakula chake, bado nusu, akaingia ndani.

Keshoye, saa tatu asubuhi, alipanda ngazi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kupanda. Akiwa na shida alimwita kutoka chini, naye Bee Khim alitoa kichwa dirishani. Alipita katikati ya meza za wachoraji, akasimama mbele ya timazi, mikono nyuma, kama wote.

"Bi Teoh," alisema. "Naomba kundi la miguu lisogezwe milimita mbili."

Alimpa zote mbili. Mahadi akashukuru, akashuka.